Kibubu, mchezo, kikoba au dukani? Njia za kufikia lengo kwa mtu wa Tanga

Tuseme lengo lako ni friza. Unataka kuuza barafu, juisi ya ukwaju na samaki wa kugandisha pale Makorora. Friza na vikorokoro vyake inakutaka shilingi 1,200,000, na umejipa mwaka mmoja. Hesabu yake si ngumu: 100,000 kwa mwezi, au kama 3,300 kwa siku. Muuza mihogo akijitahidi anaipata. Lakini hata mwaka jana hesabu ilikuwa hiyo hiyo, na friza haipo.

Kumwambia mtu wa namna hii "jitume" ni kumwonea. Wengi ninaowaona wakikwama hawakwami kwenye kutafuta. Wanakwama kwenye kutunza, kati ya siku fedha inapopatikana na siku inapotimia. Vikwazo vimejaa hapo katikati, na kila njia ya kuweka akiba inaziba kimoja na kuacha kingine wazi. Ndiyo maana sitapanga njia hizi kwa ubora, maana swali la "ipi bora" halina jibu. Nitazilinganisha mbilimbili, kwa swali hili: fedha yako wewe huwa inapotelea wapi?

Jibu lake kwa hapa mjini huwa moja kati ya manne. Kuna fedha inayoliwa na mkono wako mwenyewe: viatu, vocha, chipsi za jioni. Kuna inayoliwa na watu, ndugu wa kambo anayekuja na hadithi ndefu na wewe huna moyo wa kumkatalia. Kuna inayoliwa na dharura, mtoto anayepelekwa hospitali ya Bombo usiku au msiba wa Muheza unaotaka nauli na rambirambi. Na kuna ile ambayo haikuwahi kukaa sawasawa kwa sababu pato lenyewe halina mpangilio: mvuvi wa Deep Sea kusi linapovuma, kibarua wa bandarini anayengoja meli, mwenye machungwa anayepata kwa msimu. Chukua daftari uandike miezi mitatu iliyopita, kiasi gani kilitoka na kilikwenda wapi. Usikisie. Mtu anayeapa kwamba ndugu ndio wanaommaliza mara nyingi hukuta ni chipsi.

Jambo jingine la kuandika ni kalenda. Januari ina sare na madaftari, hata kama ada ya shule za serikali imefutwa. Rajabu na Shaabani ni miezi ya harusi, kila wiki mchango na sare. Halafu Ramadhani, halafu Idd, halafu harusi tena. Vikwazo hivi havikuvizii, tarehe zake zinajulikana tangu mwaka uliopita. Lengo linalopangwa bila kuviona linapangwa kwa ajili ya mtu mwingine, labda asiye na shangazi.

Kibubu na simu

Hizi mbili zinafanana kuliko zinavyoonekana: zote ni fedha iliyo karibu na mkono.

Kibubu hakina ada, hakina kikao, hakimtangazii mtu. Ubaya wake kila mtu anaujua, unalala nacho chumba kimoja. Kisu kinapita kwenye tundu, noti inatoka, na kesho unajiambia utairudisha. Simu inaonekana ya kisasa zaidi na kweli inashinda kibubu kwa moto, panya na mwizi wa dirishani, lakini kwa mkono mwepesi ni mbaya zaidi. Kibubu kinataka kisu, simu inataka namba ya siri tu. Halafu anayekuomba anajua unayo simu. Kutuma 20,000 kunachukua muda mfupi kuliko kueleza kwa nini hutumi. Matapeli nao wako huko huko, na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" bado unawapata watu wazima wenye akili zao.

Kama utachagua simu, usiweke akiba kwenye laini unayofanyia biashara. Zile huduma zinazokukopesha ili umalizie muamala zina tabia moja: pesa ikiingia, deni linakatwa kwanza, na akiba yako inakuwa imelipa vocha ya wiki iliyopita. Laini ya pili, inayokaa kwenye kisimu kidogo kabatini, inafaa. Au tumia akaunti ya akiba iliyo ndani ya huduma ya simu, mfano M-Pawa iliyoanza 2014, ambako kuhamisha fedha kurudi kwenye salio la kawaida ni hatua ya ziada. Hatua moja ya ziada si ukuta, ila humkumbusha mtu anachokifanya.

Kuna utafiti ambao kila anayeuza au kununua kibubu angefaa kuujua. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliufanya magharibi mwa Kenya, matokeo yakachapishwa 2013. Waliwafuata wanachama wa vikundi 113 vya mchezo, yaani watu wanaochangishana na kupokea kwa zamu, waliotaka kuweka fedha za afya, kwa mfano kununua chandarua. Wengine walipewa sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo wakakaa nao. Wengine walipewa sanduku lile lile lakini ufunguo ukabaki kwa msimamizi, halifunguliwi mpaka kiasi kitimie. Wengine walianzisha mchezo mdogo wa pembeni kwa ajili ya afya tu, na wengine wakawekewa mfuko wa dharura kwa mweka hazina wa kikundi.

Ungedhani sanduku lisilofunguka ndilo lililoshinda. Halikushinda. Waliokaa na ufunguo wao waliongeza fedha walizotumia kwa kinga ya afya kwa asilimia kama 66, wa mchezo wa pembeni wakaongeza hata zaidi ya mara mbili, na wale wa ufunguo wa mbali hawakuonyesha tofauti ya maana. Watu waliogopa kutia fedha mahali ambapo mtoto akiugua hawataigusa, kwa hiyo hawakutia. Mfuko wa dharura nao ulisaidia pale ulipokusudiwa, yaani kuhimili ugonjwa ulipokuja.

Mimi nachukua mambo mawili hapo. Fedha ikitengwa na kupewa kazi yake, hata kufuli dhaifu linatosha kiasi: kibubu cha friza kiwe cha friza, si cha friza na kodi na Idd. La pili ni kubwa zaidi. Anayefunga kila kitu bila kuacha tundu la dharura atakuja kuvunja kila kitu siku ya dharura. Hili litarudi.

Kibubu ningekipa lengo la miezi mitatu na la fedha ndogo. Kwa mwaka mzima, hapana.

Mchezo na kikoba

Hapa ndipo watu wengi wa Tanga wanapoamulia, na hapa ndipo panapochanganywa zaidi, kwa sababu wote ni watu wale wale wanaokutana barazani na kutoa fedha. Kazi zake ni tofauti kabisa.

Mchezo: mko 12, kila mwezi kila mmoja anatoa 100,000, mmoja anapokea 1,200,000, mpaka wote mpokee. Kijumbe anakusanya na kukabidhi. Vijumbe wengine huchukua zamu ya kwanza kama ujira wao, wengine hukata kidogo kwa kila anayepokea. Haina riba wala gawio. Ukitazama vizuri, anayepokea mwezi wa kwanza amekopeshwa na wenzake 11 bila riba, na anayepokea mwezi wa 12 amewakopesha bila faida.

Kikoba ni mfumo uliozaliwa Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima na hapa kwetu ukachukua jina hilo. Mnanunua hisa kila mnapokutana, tuseme 5,000 kwa hisa na mwisho hisa tano. Fedha zinakaa kwenye sanduku la kufuli tatu ambazo funguo zake wanashika watu watatu tofauti, au siku hizi benki na kwenye simu. Mwanachama anakopa, kwa kawaida mpaka mara tatu ya hisa zake, anarudisha na nyongeza, na mwisho wa mzunguko mnavunja na kugawana. Pembeni kuna mfuko wa jamii kwa msiba na ugonjwa.

Sasa viweke kwenye vile vikwazo vinne.

Kwa mkono mwepesi, mchezo unashinda. Kijumbe akigonga mlango jioni huwezi kumwambia umenunua viatu. Kikoba kinakuruhusu kununua hisa moja badala ya tano wiki mbaya, na mtu mwenye mkono mwepesi ana wiki mbaya nyingi. Hapo ulegevu wa kikoba ni ubaya.

Kwa watu wanaoomba, vyote viwili vinafaa, lakini mchezo una kitu cha ziada ambacho sijakiona kwenye benki yoyote: unakupa jibu. "Nina mchezo" ni jibu ambalo hata shangazi analikubali bila kununa, kwa sababu na yeye ana mchezo. Ukimwambia fedha iko benki atakuuliza benki inafunga saa ngapi.

Kwa dharura, kikoba kinashinda kwa mbali. Mchezo haujui msiba, tarehe ikifika unatoa. Utabembeleza kubadilishana zamu, na mwenzako akiwa mwungwana atakubali, ila hakuna kinachomlazimisha. Kikoba kina mfuko wa jamii na kina mkopo. Hapa kuna ajali ninayoiona mara nyingi mno kuinyamazia: mtu hana fedha ya mchezo, anaona aibu, anakwenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili alipe mchezo. Ukifika hapo, huweki akiba tena. Afadhali aibu ya wiki moja.

Kwa pato lisilo na mpangilio jibu linategemea mwendo wa mchezo wenyewe. Mchezo wa mwezi kwa mvuvi ni kujitakia mashaka, ila mchezo wa kila siku kwa kina mama wa soko la Mgandini unakwenda sambamba na mauzo. Tatizo la michezo ya kila siku ni udogo wa kinachopokelewa. Watu 30 kwa 5,000 ni 150,000, fedha inayokuja ikiwa imeshaandikiwa mambo mengine. Anayeitumia kwa lengo kubwa lazima ajue siku hiyo hiyo inakwenda wapi.

Zamu. Watu wengi hukubali zamu yoyote wanayopewa, na hapo wanapoteza nusu ya faida ya mchezo. Kanuni yangu ni hii: kama kitu unachotafuta kinaingiza fedha, omba zamu ya mapema hata kama itabidi ubembeleze. Friza ikianza kuuza barafu mwezi wa pili, inajilipia yenyewe miezi iliyobaki. Kama kitu hakiingizi, mfano sherehe au kochi la sebuleni, omba zamu ya mwisho. Kulipa miezi 11 kitu ambacho umeshakila kunachosha, na waliochoka ndio wanaohama mtaa usiku.

Wanaohama ndio hatari kubwa ya mchezo. Hakuna katiba, hakuna usajili, mara nyingi kuna daftari la kijumbe tu. Kabla ya kuingia uliza amechezesha mizunguko mingapi na hawa hawa. Uliza mtu asipolipa nani anafidia. Kijumbe wa kweli hutoa mfukoni mwake kwanza halafu ndiyo anamfuata mdeni barabara kwa barabara Ngamiani nzima. Uliza mgeni wa mtaa amepewa zamu ya ngapi. Mpangaji aliyehamia juzi akiwa zamu ya pili, hicho si kikundi cha kuingia, hata kama kijumbe ni jirani yako.

Upande wa kikoba hatari iko kwenye mkopo. Tufanye hesabu ya friza. Ukinunua hisa za 25,000 kwa wiki, baada ya wiki 16 una 400,000. Kwa kanuni ya mara tatu unaweza kukopa 1,200,000 na friza ikaingia ndani mwezi wa nne. Inavutia. Sasa soma katiba: tuseme riba ni asilimia 10 kwa mwezi, kwa miezi mitatu, inahesabiwa kwenye mkopo wote. Kila mwezi unarudisha 400,000 ya mkopo na 120,000 ya riba, na hisa zako za 100,000 zinaendelea. Jumla 620,000 kwa mwezi, kutoka kwa mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa anajikamua kupata 100,000. Barafu haiwezi kufanya kazi hiyo. Kweli, sehemu ya riba itakurudia mkivunja, lakini mwezi wa tano haikusaidii kitu.

Kwa hiyo kwa lengo hili kikoba ningekitumia kwa kungoja kuvunja, na mkopo ningeuacha kwa dharura. Angalia pia mwezi wa kuvunja. Vikoba vingi huvunja Desemba au kuelekea Idd, na fedha ya mwaka mzima inamwagikia katikati ya sikukuu. Pata bei ya friza wiki moja kabla, na siku ya kuvunja uende dukani kabla ya kwenda nyumbani.

Riba yenyewe ni jambo la kusemwa wazi, kwa mji huu huwezi kulipita kimya. Kwa Muislamu wengi wa masheikh watakwambia nyongeza ile ni riba, iwe inarudi kwa wanachama au isirudi. Hili peke yake linawapeleka watu wengi kwenye mchezo, ambao hauna nyongeza. Kuna vikoba visivyo na riba: wanachama wanakopeshana bila nyongeza na kuchangia gharama za uendeshaji, au kikundi kinanunua bidhaa na kumuuzia mwanachama kwa bei iliyotajwa tangu mwanzo, analipa kidogo kidogo. Gawio lake ni dogo. Anayejiunga ajue hilo, asije akalalamika mwisho wa mwaka kwamba kikundi cha jirani kimegawana zaidi.

Kisheria kikoba kina msimamo ambao mchezo hauna. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavihesabu vikundi vya kijamii kama daraja la nne la watoa huduma, na usajili wake unafanyika halmashauri. Usumbufu upo: katiba, muhtasari, safari za ofisini. Faida ni kwamba kikundi kinafungua akaunti kwa jina lake, na kikiwa cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza kuomba ile mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mgawo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Mchezo, hata uwe mkubwa namna gani, hauna ofisi ya kuuombea.

Dukani na kiwanjani

Kuna watu ambao shida yao ni watu tu. Mkono wao ni mzito, pato lipo, dharura si nyingi, lakini hawajui kusema hapana. Kwao hata kikoba hakitoshi, maana ndugu atasema "si ukakope huko". Dawa yao ni kuacha kuwa na fedha. Waigeuze kitu mapema.

Kudunduliza dukani ni njia hiyo. Unapeleka 30,000 leo na 50,000 wiki ijayo, mwenye duka anaandika, ikitimia unabeba friza. Hakuna ndugu anayekuja kukopa nusu ya friza. Hupati faida yoyote na unamwamini mfanyabiashara mmoja badala ya watu 12, kwa hiyo maswali yake ni makali zaidi: bei imefungwa au itapanda nikiwa katikati? Nikighairi narudishiwa fedha au nalazimika kuchukua bidhaa nyingine? Kila malipo yaandikwe kwenye daftari la kwake na la kwako, kwa sahihi. Duka lililofunguliwa mwaka huu, lenye matangazo makubwa na bei ya chini kuliko ya wote, ningelipita. Lenye miaka kadhaa pale pale, ambalo mwenyewe unajua anaswali msikiti gani au anasali kanisa gani, linafaa zaidi.

Ulinganishe na kiwanjani. Mwenye lengo la nyumba hununua tofali, anarundika, mwaka ujao anaongeza. Kwa mkono mwepesi na kwa watu wanaoomba hii ni kinga kubwa, tofali halitumwi kwa simu. Ila si kila kifaa kinakaa. Tofali linakaa. Saruji haikai: hewa yetu ya pwani ina unyevu, na mfuko uliokaa miezi mitatu ghalani umeshapungua nguvu, hata ukiinuliwa juu ya mbao. Inachekesha kidogo kwamba kiwanda kiko hapa hapa Pongwe na watu bado wanaweka saruji ya mwaka mzima uvunguni. Nondo hupata kutu kwa hewa ya chumvi. Mchanga uliomwagwa kabla ya masika utaukuta kwa jirani. Basi, fedha ya kwanza iende kwenye karatasi za kiwanja zilizo sawa, ya pili kwenye tofali, na saruji inunuliwe wiki ya fundi kuanza. Ya katikati, inayongoja, ikae mahali pengine kati ya hizi njia.

Benki na mifuko

Hapa nitapita haraka, kwa sababu anayefaa anajulikana: mwenye mshahara. Mwalimu au muuguzi anaweza kuiagiza benki ihamishe kiasi kila mwezi siku ile ile mshahara unapoingia, na mkono haupati nafasi. Usalama wake hauna mpinzani kati ya zote nilizotaja: benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana inalipa mpaka shilingi 7,500,000 kwa mwenye amana. Asiyetaka riba anaweza kutafuta benki zinazofuata misingi ya Kiislamu, kwa mfano Amana Bank iliyoanza 2011, au madirisha ya aina hiyo kwenye benki nyingine. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, taasisi ya serikali ambayo mfuko wake wa Umoja ulianza 2005, inapokea watu wa kipato cha kawaida na fedha inatoka baada ya siku kadhaa. Ucheleweshaji huo ni mzuri: dharura ya kweli inaweza kungoja siku chache ukikopa kwa jirani, lakini hamu ya viatu inakuwa imepita. Hatifungani, yaani kuikopesha taasisi fedha kwa muda maalumu ikulipe riba, kama ile ya kijani ya mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, ya 2024 yenye riba ya asilimia 13.5 kwa miaka 10, ni kitu kizuri kwa mwenye fedha ya kutulia. Si njia ya kupata friza.

Kwa mama wa mihogo benki inabaki mbali, si kwa umbali wa barabara bali kwa foleni. Saa moja kwenye foleni ni sufuria moja la mihogo.

Wewe ni yupi

Daftari lako likionyesha mkono mwepesi, ingia mchezo wenye mwendo sawa na pato lako, na kama friza ndiyo lengo, pigania zamu ya mapema. Likionyesha watu, dunduliza. Mwenye mshahara aende benki, asijisumbue.

Likionyesha dharura, kikoba chenye mfuko wa jamii unaofanya kazi. Nasema unaofanya kazi kwa sababu upo ule wa kwenye katiba tu. Uliza mara ya mwisho ulitoa lini na kwa nani.

Mvuvi na mtu wa msimu hana njia moja. Ningemshauri asiahidi kiasi cha tarehe. Aahidi sehemu: kila akiuza, moja ya kumi kwa mfano, iende kwenye kikoba kinachoruhusu hisa chache wiki mbaya na nyingi wiki nzuri. Ulegevu niliouita ubaya kwa mwenye mkono mwepesi, kwake ndio unaomwezesha kubaki.

Kama ungeniuliza mimi kwa ile friza, kwa mtu wa kawaida ambaye ana kidogo cha kila kikwazo, ningegawa ile 3,300. Karibu 2,800 iende kwenye mchezo au dukani, isikoguswa. Mia tano iliyobaki iende kwenye kibubu au laini ya pili, kwa dharura tu, na iruhusiwe kuguswa. Friza itachelewa miezi miwili mitatu. Lakini ndilo tundu lile la Kenya: mtoto akiugua, unavunja kidogo, kikubwa kinabaki. Wanaoweka zote mahali pamoja huwa wanamaliza haraka au hawamalizi kabisa, na sijui wengi wa kundi la kwanza.

Kuna na kikwazo ambacho hakuna njia inayokiziba, cha kuahirisha. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mtu akifunga nia yake kwenye wakati na mahali maalumu, "ikiwa hivi, basi hivi", huitimiza mara nyingi zaidi kuliko anayesema tu "nitaweka". Kwa Kiswahili cha sokoni: nikishafunga hesabu jioni, kabla sijapanda baiskeli, ile 3,300 imeshatoka. "Nikifika nyumbani" ni kuchelewa. Njiani kuna chipsi.

Ukitaka kubadili njia katikati

Inatokea. Umeingia mchezo mwezi wa tatu ukaona huuwezi. Kama hujapokea, tafuta mtu wa kushika nafasi yako akurudishie ulichotoa, mbele ya kijumbe, na jina libadilishwe kwenye daftari siku hiyo hiyo. Kama umeshapokea, huna pa kubadili, unamaliza. Kikoba kwa kawaida humrudishia anayetoka hisa zake bila faida, na vingine vinamngojesha mpaka kuvunja, kwa hiyo hicho kipengele ukisome siku ya kujiunga. Benki, ukivunja amana ya muda maalumu kabla ya wakati, unapoteza sehemu au riba yote na unabaki na mtaji wako. Dukani inategemea mlichoandikiana, na kama hamkuandikiana kitu, jiandae kuchukua feni na majagi ya thamani ile ile.